Suruali ya bodaboda: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Mwendeshaji wa bodaboda anayetoka Kapsoit kwenda Sondu kupitia Sigowet hukutana na hali mbili za hewa katika safari moja. Juu kwenye mashamba ya chai kuna baridi na mvua ya alasiri, mara nyingine ya mawe. Akiteremka upande wa Soin, anapata joto na vumbi. Wengi hujipanga kwa koti zito, helmeti na jaketi la reflekta, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini wamevaa suruali ya kitambaa au traksuti tu. Ilhali pikipiki inapoanguka, mara nyingi mguu ndio unaobanwa kati ya chuma na barabara.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye reflekta. Kifungu hicho hakitaji suruali. Kwa hivyo uamuzi unabaki kwa mwenyewe na mfuko wake, na mfuko una mengi ya kulipia. Hata hivyo, goti lililochunika humweka mtu nyumbani kwa wiki kadhaa, na malipo ya mkopo wa pikipiki hayasubiri lipone.

Suruali ya kazi hii ina majukumu mawili: kustahimili msuguano na kupunguza kishindo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki husonga takriban mita 11 kila sekunde. Kitambaa chembamba hutoboka kabla mwili haujasimama. Traksuti ya nailoni ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto la msuguano huweza kuiyeyusha ikashikana na ngozi. Jinsi ya kawaida ni afadhali kidogo, lakini isihesabiwe kuwa kinga. Vinavyostahimili zaidi ni ngozi nene ya ng'ombe, vitambaa vizito kama Cordura, na jinsi maalum zenye bitana ya Kevlar.

Suruali za pikipiki zilizotengenezewa soko la Ulaya huwa na lebo ndani, na baadhi hufika huku kama mitumba. Lebo ya kutafuta ni EN 17092, ikifuatwa na herufi. AAA ndiyo imara zaidi, kisha AA, kisha A. Herufi B ina maana kwamba nguo inastahimili msuguano kama A lakini haina pedi za kupunguza kishindo. Pedi zenyewe za magoti na nyonga huandikwa EN 1621-1, pamoja na namba 1 au 2; ya 2 hufyonza kishindo zaidi. Kiwango hicho cha nguo ni cha mwaka 2020, kwa hivyo suruali ya zamani yaweza kuwa nzuri bila lebo hiyo. Hapo ni mkono na jicho vitakavyoamua: vuta mishono, angalia kama imeshonwa mara mbili au tatu, na ukague makalio na magoti yasiwe yamelika. Ingiza mkono kwenye mifuko ya ndani ya magoti pia, kwani pedi zaweza kuwa zilishatolewa kabla nguo haijafika sokoni. Pedi inayomeguka ukiikunja imezeeka.

Usiijaribu umesimama tu. Kalia pikipiki. Ukikunja goti, suruali hupanda. Pedi inapaswa kukaa juu ya goti lenyewe, na pindo la chini libaki limefunika kifundo cha mguu. Jambo hili ni muhimu hasa kwa mguu wa kulia, kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda zina ekzosi upande huo, na abiria huungua ndama anaposhuka. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha aende kituo cha afya. Dawa ya meno na udongo visipakwe.

Kwa asiyeweza kununua suruali maalum, fundi cherehani anaweza kusaidia. Apewe jinsi nzito, aongeze turubai au ngozi kwenye magoti, nyonga na makalio, ashone kwa uzi imara wa nailoni, na aache mfuko wa ndani wa kuingiza pedi ya goti. Haitafikia kiwango cha AAA, lakini inapita traksuti kwa mbali. Suruali ya mvua ivaliwe juu yake, isiwe mbadala, na isipwaye hadi kunaswa na mnyororo.

Abiria naye ana lake. Pikipiki nyingi zinazotoka India huja na kinga ya chuma kando ya gurudumu la nyuma, iliyobuniwa kuzuia sari isinaswe kwenye spoki. Hapa kwetu kinga hiyo husaidia leso na sketi ndefu, kwa hivyo isifunguliwe ili kupata nafasi ya mizigo. Pindo likunjwe na kukaliwa kabla ya safari kuanza.

Suruali ya ngozi ikilowa mvua, ianikwe kivulini penye upepo. Ikikaushwa juu ya jiko hukakamaa na kupasuka mahali inapokunjika, yaani pale pale kwenye goti.