Kuchagua Kaulimbiu ya Maisha: Suala la Nafsi katika Kitenzi

Maneno machache ambayo mtu huyateua ili yamwongoze katika mwenendo wake hayajapata jina moja lililotulia katika Kiswahili. Wapo wanaoyaita wito, wapo wanaosema mwito, na wengi siku hizi husema kaulimbiu, ijapokuwa neno hili la mwisho limezoeleka zaidi katika makongamano, kampeni za siasa na siku za maadhimisho. Katika makala hii nitatumia kaulimbiu kwa kuwa ndilo linaloeleweka na wengi. Hata hivyo, ninalokusudia kulieleza si jina bali umbo. Dai langu ni kwamba sarufi ya Kiswahili, hasa viambishi vya kitenzi, humwezesha mtu kutambua kama kaulimbiu aliyoichagua inamfunga yeye mwenyewe au inamfunga jirani yake.

Mfano wangu wa kwanza ni wa Kiritiri, mji mdogo ulioko Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, kwenye nyanda kavu zilizo chini ya Mlima Kenya. Watu wa huko hulima ndengu na mtama, hufuga mbuzi na nyuki, na hutegemea misimu miwili ya mvua isiyoaminika sana. Zao linaloleta fedha taslimu ni muguka. Majani yake huuzwa yakiwa mabichi, maana hunyauka upesi, kwa hiyo anayeyachuma hulipwa bila kungoja mavuno ya msimu. Kijana aliye kidato cha tatu anaijua hesabu hii barabara. Anajua kuwa jembe na shamba la baba vinaweza kumpa pesa wiki hii, ilhali cheti na shahada ni mambo ya miaka. Anajua pia, au yafaa ajue, kwamba hata pesa hizo za karibu zina hatari zake. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga vita biashara ya muguka, wakulima wa Mbeere wakapigwa na butwaa, hadi Mahakama Kuu mjini Embu iliposimamisha kwa muda amri za Mombasa na Kilifi.

Kijana huyu akitaka neno la kumwongoza, ataligeukia ghala la methali, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Mwalimu atamwambia kuwa mvumilivu hula mbivu. Rafiki yake aliyekwisha kununua pikipiki atamwambia kuwa ngojangoja huumiza matumbo, tena fimbo ya mbali haiui nyoka. Wote wawili wamesema kweli. Methali ni mali ya jamii nzima, na jamii huhitaji kuwa na jibu kwa kila hali. Ndiyo maana haioni haya kuweka kweli mbili zinazopingana chini ya paa moja. Mtu mmoja hana anasa hiyo. Anapofanya mojawapo kuwa kaulimbiu yake, ameiacha ile nyingine, na hasara ya kuiacha ni yake. Asiyeweza kutaja methali aliyoikataa, kwa maoni yangu, bado hajachagua kitu.

Tuzitazame tena methali hizo tatu kwa jicho la mwanasarufi. Katika "mvumilivu hula mbivu" kiambishi hu- cha mazoea hakibebi nafsi yoyote. Twaweza kusema mimi hula, wewe hula, wao hula, na kitenzi kisibadilike hata kidogo. Katika methali ya pili mtenda ni ngojangoja yenyewe. Katika ya tatu mtenda ni fimbo. Hamna popote aliposimama mtu anayeweza kuulizwa, "Je, ulifanya?" Kwa methali, hii si kasoro. Ni hekima ya namna yake, kwa sababu humwezesha mzee kumwonya kijana bila kumnyooshea kidole. Lakini anayeitwaa methali jinsi ilivyo na kuiandika kwenye jalada la daftari amepata pambo. Ajaribu kuigeuza iwe "navumilia", aone jinsi inavyoanza kumbana.

Leso, au kanga, zina suala jingine. Mwanamke huteua jina la kanga kwa makini, akalivaa mwilini, na mtu angedhani hiyo ndiyo kaulimbiu halisi ya nafsi. Aghalabu sivyo. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ina nafsi ya pili, na huyo wa nafsi ya pili yuko ng'ambo ya ua, anatwanga au anasikiliza. Ujumbe umevaliwa na mmoja ili usomwe na mwingine. Maandishi mengi ya nyuma ya matatu na pikipiki yako katika kundi hilohilo.

Mfano mzito zaidi wa nafsi kuhama tunao katika historia ya Kenya. Daniel arap Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 baada ya kifo cha Jomo Kenyatta, aliahidi kwamba atafuata nyayo za mtangulizi wake. Hiyo ilikuwa kauli ya nafsi ya kwanza: aliyeisema alijifunga mwenyewe. Haikuchukua muda, ikawa "Fuata Nyayo", kitenzi cha amri, na nyayo zilizotakiwa kufuatwa zikawa zake Moi, huku wananchi ndio wakiwa wafuataji. Mizizi ya maneno haikubadilika; kilichobadilika ni nani anayebanwa. Mabadiliko hayo madogo ya kisarufi yalitosha kuigeuza ahadi kuwa agizo. Sioni sababu ya kuamini kwamba jambo kama hilo haliwezi kutokea nyumbani, kwa baba anayewatundikia watoto wake kaulimbiu sebuleni.

Si kila amri ni mbaya. "Inawezekana, timiza wajibu wako", maneno yanayohusishwa na Mwalimu Nyerere, yana nafsi ya pili, lakini mtu akijisemea mwenyewe, yule "wewe" ni yeye. Upande wa kwanza unamwondolea kisingizio, upande wa pili unamkabidhi kazi. Linganisha na "Hekima ni Uhuru" ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hii ina kishirikishi "ni" na nomino mbili, haina mtenda wala tendo. Inakifaa chuo, ambacho hakiamki asubuhi kuamua kama kitaenda shambani au darasani.

Starehe, shule iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo ili kuwapa hifadhi na elimu wavulana maskini, ilichagua "Natulenga Juu". Wanafunzi wa isimu watasema upesi kwamba dhamira tegemezi ilidai "natulenge", kwa kiishio -e. Ni kweli. Hata hivyo, kaulimbiu hiyo ina kitu ambacho nyingi zilizo sanifu hazina: kiambishi -tu-, ambacho kinamtia msemaji ndani ya kundi linaloambiwa. Mimi ningeichukua hiyo yenye kosa la irabu kabla ya nyingi nilizozisoma kwenye malango ya shule, zilizojaa nomino kama bidii, nidhamu na ufanisi bila kitenzi hata kimoja.

Baada ya nafsi kuna njeo. "Nitamaliza nilichoanza" inapendeza, ila nita- humpa mwenyewe siku zote za mbele za kujificha ndani yake. "Namaliza ninachoanza" inaweza kupimwa leo. Na kauli za ukanushi hupimika kwa wepesi zaidi, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kudhani kuwa kaulimbiu lazima iwe tamko la kupaa. "Siahidi nisichokiweza" haina urembo wowote, lakini jioni mwenye nayo anajua kwa hakika kama ameivunja. Kwa kijana wetu wa Kiritiri, "siachi darasa kwa pesa ya wiki hii" ni kauli ndogo, ina gharama inayoonekana, na inaruhusu kuchuma muguka wakati wa likizo.

Limebaki suala la lugha. Malango mengi ya shule zetu yameandikwa Kiingereza, na mtoto wa Mbeere huzikariri kaulimbiu hizo pamoja na wimbo wa shule. Sidhani kwamba Kiswahili kinastahili nafasi hiyo kwa sababu ya uzalendo peke yake. Kaulimbiu ya mtu hutakiwa ifike pale anapogombana na nafsi yake, na ugomvi huo una lugha yake. Kwa wengine ni Kiswahili. Kwa wengi wa Kiritiri ni Kimbeere, na sioni ubaya wowote mwanafunzi wa Kiswahili akiiweka kaulimbiu yake katika Kimbeere, mradi kitenzi kiwe na nafsi ya kwanza.