Fahamu: Kwa nini nyongeza ya mshahara pekee haikumaliza uhaba wa madereva wa malori Uingereza

Septemba 2021, foleni ndefu zilitanda kwenye vituo vya mafuta Uingereza. Mafuta yalikuwepo maghalani. Waliokosekana ni madereva wa malori, ambao chama cha wasafirishaji kilikadiria upungufu wao kufikia 100,000. Kampuni zikapandisha malipo. Tesco, kampuni ya maduka makubwa, ilikuwa imeshatangaza bonasi ya pauni 1,000 kwa dereva atakayejiunga nayo.

Je, ilisaidia? Kwa kiasi. Fedha humvuta haraka mtu mwenye leseni tayari, ndiyo maana baadhi ya halmashauri zilipoteza madereva wa magari ya taka kwa waajiri waliolipa zaidi, na uzoaji taka ukachelewa. Dereva mpya hapatikani kwa wiki moja: lazima afunzwe, afaulu mtihani, na mitihani mingi ilisitishwa wakati wa Uviko-19.

Halafu kuna mwili wa dereva mwenyewe. Saa nyingi usukanini, usiku kulala ndani ya lori, choo safi na bafu ni vya kutafuta. Haya yalipuuzwa kwa miaka, na ni kosa kubwa. Oktoba 2021 serikali ilitenga pauni milioni 32.5 kuboresha maegesho na huduma za madereva.