Kuku Hawasubiri Meli: Piga Hesabu ya Kungoja Kabla Hujaagiza Gari Jipya

Wiki hii simu nyingi nilizopokea hazikuhusu mdondo wala kantangaze. Zilihusu magari. Vijana wa Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande wananiuliza swali moja: "Bwana shamba, nichukue pikapu mpya ya kiwandani? Wameniambia miezi mitatu tu inafika."

Kabla sijajibu, naomba niwape kisa ambacho mimi mwenyewe nimo ndani, na sikutoka vizuri.

Mwaka 2022 kijana mmoja wa Chamazi, Temeke, alikuwa na kuku wa mayai na kirikuu kachakavu ka kupelekea trei mjini. Kila wiki kalikuwa gereji. Alipata mkopo, akanifuata kuomba ushauri. Nikamwambia bila kufikiri sana: "Dogo, uza hako kirikuu, ongezea kwenye malipo ya awali, agiza gari jipya upumzike." Muuzaji alimwahidi miezi mitatu. Katikati ya Januari akalipa. Siku hiyohiyo akaagiza vifaranga wengine, kwa sababu usafiri tulishauhesabu kama upo.

Aprili ikafika, gari hakuna. Akaambiwa meli imechelewa. Mei akaambiwa kiwanda hakijaanza kuliunda. Baada ya hapo simu zikawa hazipokelewi. Gari lilikuja katikati ya Septemba.

Hesabu ya miezi mitano ya ziada ni hii. Kukodi kirikuu kwenda mjini ilikuwa shilingi 50,000 kwa safari, safari tatu kwa wiki. Hiyo ni 150,000 kwa wiki, mara wiki 22, jumla 3,300,000. Na benki ilianza kukata marejesho tangu mwezi wa pili, gari likiwa bado halijaundwa. Vifaranga nao walifika wiki ya 20 wakaanza kutaga kama kawaida yao. Mayai yakajaa stoo. Alilazimika kuuza kuku 200 kwa bei ya kutupa ili alipe benki. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ushauri ulikuwa wangu.

Kwa nini gari jipya linachelewa?

Wengi tunadhani gari jipya limepaki mahali fulani likisubiri hela yetu. Mara nyingi halipo kabisa. Wakala wa hapa nchini anapewa mgao na kiwanda, na oda yako inaingia kwenye foleni ya uzalishaji. Viwanda vingi vya magari haviweki akiba kubwa ya vipuri. Vipuri hufika pale vinapohitajika. Mfumo huo unapunguza gharama, lakini kifaa kimoja kikikosekana mstari mzima unasimama.

Ndicho kilichotokea baada ya Uviko-19. Chipu za kielektroniki ziliadimika duniani kote. Agosti 2021 Toyota ilitangaza kupunguza uzalishaji wake wa Septemba kwa asilimia 40. Januari 2022 ikawaambia wateja wake wa Japani kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 wakati huo huenda akasubiri kama miaka minne. Hao ni Wajapani, wenye kiwanda chao! Kisha Aprili 2022 mafuriko yakakiingia kiwanda chake cha Durban, Afrika Kusini, kinakoundwa Hilux, na kazi ikasimama kwa miezi.

Baharini nako kuna yake. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita kwenye Mfereji wa Suez. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalifanya meli nyingi zizunguke kusini mwa Afrika. Hata kama gari lako halipiti huko, meli zikikaa safarini muda mrefu zaidi, nafasi inakuwa finyu kwa wote.

Likifika bandarini hapa Temeke, bado kuna wakala wa forodha, kodi za TRA, namba za usajili na bima. Kwa magari mengi ushuru wa forodha ni asilimia 25, na VAT asilimia 18 juu yake. Hesabu inaanza na thamani iliyojumlisha bei, bima na nauli ya meli. Kwa hiyo nauli ya meli ikipanda, na kodi inapanda.

Wazee wetu wanajua kungoja. Kabla ya 1984, serikali iliporuhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao za kigeni, kupata gari jipya lilikuwa jambo la vibali na kujuana. Sisi vibali hivyo hatunavyo, ila foleni ipo palepale. Haionekani tu.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

1. *Gari liko wapi leo?* Yadi ya Dar, baharini, au halijaundwa? Usikubali jibu la mdomo. Omba namba ya chasisi. Gari lililokwisha kuundwa lina namba hiyo. Likiwa halina, jua unanunua nafasi kwenye foleni.

2. *Bei ni ya dola au shilingi?* Mwaka 2023 dola iliadimika, ikapanda kutoka kama shilingi 2,300 hadi karibu 2,500. Ukingoja miezi minane kwa bei ya dola, tofauti hiyo inatoka mfukoni kwako. Iandikwe nani ataibeba.

3. *Likichelewa itakuwaje?* Mkataba uwe na tarehe, na useme ni baada ya muda gani unaweza kurudishiwa pesa zako zote. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, udai risiti ya EFD. Usilipe kwenye namba ya simu ya mtu.

4. *Marejesho yanaanza lini?* Kaa na afisa mikopo wako, omba yaanze gari likikabidhiwa. Wengine watakubali, wengine watakataa, lakini asiyeuliza hapewi.

5. *Kuna lingine lililo tayari?* Rangi nyingine au modeli ya chini iliyopo yadi inaweza kukuokolea miezi. Gari lililotumika kutoka Japani nalo tayari limeundwa, unangoja meli na forodha tu. Ila likiwa na umri mkubwa, ushuru wa uchakavu unaongezeka.

Panga shamba kwa usafiri ulio nao leo

Tikiti linavunwa siku 80 hadi 90 tangu kupanda mbegu. Kuku wa mayai wanaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20. Mazao yana kalenda yake na hayaijui ya kiwandani. Kwa hiyo ukiahidiwa miezi mitatu, weka bajeti ya kukodi ya miezi sita. Likiwahi, hela hiyo inakuwa ya matairi na bima. Na gari bovu ulilo nalo usiliuze mpaka jipya limelala nyumbani kwako. Lifunge kamba, libandike gundi, lakini liendelee kwenda Stereo na Mabibo.

Yule kijana wa Chamazi bado anafuga. Juzi alinipigia, anataka kuagiza gari la pili. Nikamuuliza, la kwanza unaliuza? Akacheka: "Bwana shamba, safari hii nakuuliza namba ya chasisi kwanza."

Na wewe kaulize. Tukutane shambani.