Saa Moja Ndani ya Mikumi: Hesabu Yenye Majibu Mengi

Huenda mtoto wako wa sekondari amerudi na hesabu ambayo katikati yake hamna alama ya sawasawa, bali alama ifananayo na mdomo wa ndege uliofunguka. Usimfukuze kwa kudai kuwa wewe hukufundishwa mambo hayo. Hesabu hiyo unakutana nayo kila usafiripo kwa basi.

Tuchukue barabara kuu itokayo Morogoro kwenda mji wa Mikumi, wilayani Kilosa. Kabla ya kufika mjini, barabara hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Mwendo ulioruhusiwa humo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kwa kuwa tembo, nyati na swala huvuka lami wakati wowote. Kibao hakimwamuru dereva aende 50 kamili. Kinamtaka asizidi 50. Hivyo 30 ni sawa, 40 ni sawa, na 50 yenyewe ni sawa. 51 ni kosa. Majibu ni mengi, mpaka ni mmoja.

Sasa muda wa safari, kwa saa, tuuite m. Kwa asiyezidi mwendo wa usiku, 50m ≥ 50. Gawanya pande zote kwa 50, utapata m ≥ 1. Chora mstari wa namba: 0, 1, 2, 3. Juu ya 1 weka duara dogo lililojazwa wino, maana saa moja kamili inakubalika. Kisha vuta mshale kwenda kulia. Kama swali lingesema “zaidi ya saa moja”, duara lingeachwa wazi. Mchana, 70m ≥ 50, nayo m haipungui 5/7 ya saa, yaani karibu dakika 43. Dereva ajisifuye kuwa amevuka kwa dakika 30 amejishitaki mwenyewe.

Upo mtego mmoja. Tuseme dereva anaingia usiku akiwa na mwendo wa 90, naye anapunguza 5 kila sekunde. Sekunde tuziite s: 90 − 5s ≤ 50. Toa 90 pande zote: −5s ≤ −40. Ukigawanya kwa namba hasi, alama hugeuka: s ≥ 8. Sababu ni hii: 3 ni ndogo kuliko 5, lakini −3 ni kubwa kuliko −5. Mtoto asiyegeuza alama atadai kuwa sekunde 2 zatosha. Mwambie ajaribu: baada ya sekunde 2 gari lingali kwenye 80.

Mkisafiri njia hiyo, mpe mtoto saa, ahesabu dakika tangu kibao cha kuingia hifadhini hadi cha kutoka. Na dereva akikimbia kupita kiasi, abiria msione haya kumtaka apunguze mwendo.