Nafasi ya Vipimo vya Papo kwa Papo katika Kukadiria Kanieneo ya Visima vya Mafuta

Makala hii inafafanua jinsi vipimo vinavyochukuliwa wakati uchimbaji ukiendelea vinavyosahihisha modeli ya kanieneo, yaani kani inayokandamiza kila kizio cha eneo, katika kisima cha mafuta.

Kisima huchimbwa kikiwa kimejaa tope maalumu. Kanieneo ya tope hilo yapaswa kuzidi ile ya gesi na viowevu vilivyomo katika vinyweleo vya mwamba, lakini isifikie ile inayoupasua mwamba wenyewe. Ikipungua, gesi na mafuta huingia kisimani. Ikizidi, tope hupotelea katika nyufa.

Tope likiwa limetulia, ukokotoaji ni mwepesi: safu yenye kimo cha mita 3,000 na densiti ya kilo 1,500 kwa kila mita ya ujazo hutoa takriban megapaskali 44. Ugumu huanza pampu zinapowashwa. Msuguano wa tope linalopanda kati ya bomba na ukuta wa kisima huongeza kanieneo, na kiasi chake hutegemea mnato, jotoridi, upana halisi wa shimo na wingi wa vipande vya mwamba, mambo ambayo modeli huyakisia tu.

Kwa sababu hiyo, kihisi hufungwa karibu na keekee, nacho hupeleka taarifa juu kwa mapigo yanayosafiri ndani ya tope lenyewe. Iwapo modeli ilitabiri megapaskali 46 na kihisi kikaonyesha 47, kigezo cha msuguano hurekebishwa kabla ya kutabiri mita zinazofuata. Hata hivyo, tofauti inayotokea ghafla yaweza kuwa dalili ya shimo kusongwa na vipande au gesi kuingia. Kuiondoa kwa kubadili kigezo ni kuificha hatari.

Hatari ya kukitafsiri kipimo ili kilingane na dhana iliyokwisha kushikwa ilidhihirika katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010, baada ya uchimbaji kukamilika. Katika jaribio la kuthibitisha kwamba kisima kimezibwa, geji ya bomba la kuchimbia ilionyesha paundi 1,400 kwa inchi ya mraba, ilhali bomba la pembeni halikutoa kitu. Kisima kilichozibwa barabara kisingejenga kanieneo hiyo. Wahusika waliieleza kwa namna iliyoafiki imani yao kwamba kisima ni salama. Usiku huohuo gesi ililipuka katika mtambo wa Deepwater Horizon, na watu 11 wakafa.

Kwa hiyo, modeli yafaa kurekebishwa kwa vipimo pale tu ambapo sababu ya tofauti imekwisha kubainika. Kabla ya hapo, kazi isimamishwe na kisima kichunguzwe.