Kompyuta Ikikataa Kuanza: Tazama, Andika, Kisha Toa Habari

Zamani hesabu za kikundi cha wakulima zilikaa katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na daftari likakaa katika sanduku la katibu. Siku hizi vikundi vingi vya upande wa bara wa Mombasa, huku Likoni na kule Kisauni na Changamwe, hutunza hesabu zao katika kompyuta ndogo ya kubebeka, yaani laptopu. Majina ya wanachama, akiba, mikopo, mayai yaliyouzwa, tarehe za chanjo za kuku, yote yamo humo. Faida yake ni kubwa. Lakini daftari halikatai kufunguliwa, na kompyuta huweza kukataa.

Neno tunalotaka kulieleza mwezi huu ni hili: kompyuta isiyoanza si lazima iwe imekufa, na hesabu zilizomo mara nyingi zi salama bado. Mara nyingi kinachozipoteza si ubovu wa kwanza, bali ni haraka ya watu baada ya ubovu huo. Mtu anayetulia, akatazama kompyuta imesimama wapi, akaandika alichokiona, ana nafasi nzuri ya kupata hesabu zake zote. Anayekimbilia kufuta na kuanza upya huenda akarudishiwa kompyuta nzima isiyo na kitu ndani.

KOMPYUTA HUANZA KWA HATUA

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haiamki mara moja. Hupita katika hatua tano, moja baada ya nyingine.

Kwanza, umeme huingia kutoka kwa chaja au betri. Pili, programu fupi iliyomo katika chipu ya ubao mkuu huamka na kukagua mwili wa kompyuta: kumbukumbu, kibodi, skrini. Tatu, programu hiyo hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Nne, mfumo endeshi wenyewe, kama Windows au Linux, hupakiwa kutoka katika diski hiyo. Tano, skrini huonyesha mahali pa kuandika neno la siri, nawe ukaingia.

Kila hatua ikishindwa ina dalili yake. Kwa hiyo swali la kwanza si "Imeharibika nini?" Swali la kwanza ni "Imefika hatua gani ikasimama?"

DALILI NA MAANA ZAKE

1. Hakuna taa wala sauti. Hapa shaka ni ya umeme. Chomeka simu katika soketi ile ile uone kama soketi ina stima. Tazama waya wa chaja penye maungio, maana ndipo hukatika. Acha kompyuta katika chaja kwa nusu saa. Isipowaka, toa chaja, toa na betri kama ni ya kutoka, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja peke yake, ujaribu tena. Usiazime chaja ya jirani kabla ya kusoma maandishi yake. Kompyuta ndogo nyingine hutumia volti 19 na nyingine volti 12, na tundu kulingana si dalili ya volti kulingana.

2. Taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa kilicho kushoto mwa kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta ina uhai na huenda shaka ni ya skrini. Angaza skrini kwa tochi ukiwa umeiinamia upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa. Unaweza pia kuiunganisha na televisheni kwa kebo. Ikitoa mlio wa pi-pi, hesabu milio hiyo na kuiandika, mirefu na mifupi, maana ndiyo lugha yake ya kutaja kiungo kilichoshindwa.

3. Maneno meupe juu ya skrini nyeusi, kama "No bootable device" au "Operating system not found". Maana yake ni kwamba kompyuta haikuona diski yenye mfumo endeshi. Kabla ya kuhuzunika, toa flashi na kadi yoyote iliyochomekwa. Huenda kompyuta inatafuta mfumo katika flashi yenye picha za harusi. Tazama na tarehe yake. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, yamkini betri ndogo ya ubao mkuu, ile ya mviringo kama sarafu yenye volti 3, imekwisha, na kompyuta imesahau mipango yake. Unaweza kuingia katika ukurasa wa mipango kwa kubonyeza F2, Esc au Delete mara tu baada ya kuwasha, kwa kadiri ya aina ya kompyuta. Soma kama diski imetajwa humo. Soma tu, usibadilishe kitu.

4. Inaanza, kisha inakwama, au inatoa skrini ya buluu na kujizima. Hapa mwili waweza kuwa mzima, na shaka ikawa katika mfumo endeshi. Windows ikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kuanza kwa programu chache tu, palipoandikwa "Safe Mode". Ikiwaka kwa njia hiyo, nakili hesabu zako kwanza, mengine baadaye.

5. Inafika penye neno la siri, lakini neno halikubaliwi. Hiyo imeanza vizuri. Tatizo ni la neno la siri, nalo lina dawa yake mbali. Usiliripoti kuwa kompyuta haiwaki.

Asidhani mtu kwamba mambo haya huwapata watu wa vijijini tu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayouza programu za ulinzi, ilipeleka sasisho lenye kosa. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliathirika, zikatoa skrini ya buluu na kushindwa kuanza. Ndege zilikaa chini, na mabenki na hospitali zikataabika. Lakini diski hazikuharibika. Kompyuta nyingi zilipona kwa kuanzishwa kwa njia hiyo ya programu chache, kisha kufuta faili moja tu. Aliyefuta diski nzima siku ile alipoteza vitu vyake bure.

MARADHI YA KOMPYUTA NDOGO

Laptopu ndogo zilienea duniani baada ya mwaka 2007, ilipotoka Asus Eee PC yenye skrini ya inchi 7. Sifa yake ni bei nafuu na wepesi, na kasoro yake ni ghala dogo. Nyingi zilizokuja baadaye zina nafasi ya gigabaiti 32 tu, na Windows 10 peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Masasisho mapya yakija hukosa pa kukaa, na kompyuta ikakwama katikati ya kazi. Windows 11 hutaka gigabaiti 64 au zaidi, kwa hiyo hizi ndogo haziiwezi. Nao msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows hiyo huendelea kuwaka, ila ulinzi wake hupungua. Nyingi za namna hii zaweza kuendelea na kazi kwa kuwekewa Linux, lakini baada ya hesabu kunakiliwa.

Tena kuna mambo ya pwani yetu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula shaba ya maungio ndani ya kompyuta kama vinavyokula mabati ya banda. Usiiweke karibu na dirisha linalotazama bahari, wala usiifunike kwa plastiki ikiwa imelowa. Stima ikikatika wakati kompyuta inaandika masasisho, mfumo endeshi waweza kubaki nusu. Kwa hiyo betri iliyokufa ibadilishwe, na masasisho yasianzwe mawingu yakiwa yametanda. Ikisema inasasisha, iache katika chaja hata saa mbili, usiizime kwa nguvu.

Zile za zamani zina diski ya kuzunguka, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Usiitie begini ikiwa ingali inawaka ukapanda nayo matatu ya Changamwe au ukakimbilia feri ya Likoni. Izime kwanza. Na ukisikia diski ikitoa mlio wa tak-tak, zima papo hapo na usiwashe tena. Kila unapoiwasha unazidi kuikwaruza.

NENO LA KUOGOPA

Mafundi wengi ni watu wema na wajuzi. Lakini njia iliyo fupi kwa fundi ni kufuta diski na kuweka Windows upya, na baada ya saa moja kompyuta huwaka vizuri. Mwenye kompyuta hufurahi mpaka atafute mikopo ya mwaka jana asiione. Basi, kabla ya kumwachia fundi, mwambie wazi na umwandikie: "Usifute kitu kabla ya kunakili faili za kikundi." Njia ipo. Linux kama Ubuntu yaweza kuanzishwa kutoka katika flashi bila kugusa mfumo uliomo ndani, na faili zikatolewa nje kwa usalama.

Kompyuta nyingine hufunga diski kwa msimbo wa siri, na wakati wa matengenezo hudai ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa kompyuta. Uandikeni leo katika kitabu cha kikundi, maana ukikosekana hata fundi hodari hawezi kuifungua diski. Kumbukeni pia kwamba namba za vitambulisho na simu za wanachama ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayetunza habari za watu azilinde. Fundi apewe karatasi ya kupokelea kompyuta, nayo itiwe sahihi.

NAMNA YA KUTOA HABARI

Mfugaji akimwendea daktari wa mifugo akasema, "Ng'ombe wangu mgonjwa," daktari hajapata kitu. Ataulizwa: Anakula? Amelala tangu lini? Ana kamasi? Alichanjwa? Ndivyo ilivyo na kompyuta. Kusema "Laptopu imekufa" si habari. Andika mambo haya saba:

1. Jina na namba ya aina ya kompyuta, iliyoandikwa chini yake, na umri wake.
2. Mfumo endeshi: Windows ya ngapi, au Linux.
3. Hatua iliyofikia ikasimama, na taa zinazowaka.
4. Maneno ya skrini herufi kwa herufi. Afadhali yapigwe picha kwa simu.
5. Siku na saa ilipoanza kukataa.
6. Kilichotokea kabla: stima kukatika, kuanguka, maji, sasisho, programu mpya.
7. Mliyojaribu kufanya, na kilichotokea kila mara.

Mfano wa habari njema ni huu: "Laptopu ya kikundi ina miaka mitano, Windows 10, ghala gigabaiti 32. Jumanne saa mbili usiku stima ilikatika ikiwa inasasishwa, na betri haishiki. Tangu Jumatano taa inawaka, jina la kampuni linaonekana, kisha skrini ya buluu, kisha inajizima. Tumetoa flashi, haikubadilika. Hatujafuta kitu. Ndani mna mikopo ya wanachama, na nakala ya mwisho ni ya mwezi uliopita."

Ukituma maneno hayo kwa simu kabla ya kutoka nyumbani, fundi atajua alete nini na akuambie uje na nini. Mtu wa Mtongwe hatavuka feri mara mbili kwa sababu ya chaja aliyoisahau.

KABLA YA UGONJWA

Kinga ni bora kuliko tiba, na chanjo ya kompyuta ni nakala. Kila Ijumaa katibu anakili hesabu katika flashi mbili. Moja ikae kwake, nyingine kwa mweka hazina, nyumba mbalimbali. Kila mwisho wa mwezi ukurasa wa akiba na mikopo uchapwe, utiwe sahihi na kuwekwa jaladani. Na mara moja kwa miezi mitatu flashi ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili ionekane kama faili zinasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni kama mbegu isiyopimwa kuota.

Kateni ukurasa huu muubandike ukutani karibu na kompyuta ya kikundi. Siku itakapokataa kuanza, msomeeni katibu kwa sauti tangu dalili ya kwanza, na mmoja wenu ashike kalamu.