BETRI ZA KUCHAJI NA HATARI YA JOTO

Ni chache mno hivi sasa afisi na nyumba za Visiwani zisizokuwa na betri ya kuchaji, iwe ya simu, ya taa ya jua, au ya ile mashine inayoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Wengi huzihesabu zote kuwa kitu kimoja. Sivyo, na tofauti yake hudhihirika pale betri inapopata joto kupita kiasi.

Betri za risasi na asidi zilizozibwa, ambazo aghalabu ndizo zimo katika mashine hizo za kompyuta, huharibika polepole. Betri ya volti 12 hukusudiwa ishikiliwe kwenye volti 13.6 hivi katika chumba chenye nyuzi joto 25. Chumba kilichofungwa wakati wa kaskazi kikifika nyuzi 35, betri ile ile hunywa mkondo mkubwa zaidi, mkondo huzaa joto, na joto huongeza mkondo. Umri wake hupungua kwa takriban nusu. Ubavu ukifura na harufu ya yai viza ikitoka, hilo ni onyo, na mara nyingi upo wasaa wa kuzima umeme. Madirisha yafunguliwe na pasiwashwe kiberiti, kwani gesi ya haidrojeni huwaka kwa cheche ndogo.

Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, hazitoi muhula huo. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili za umeme. Kuanzia nyuzi 130 hivi utando huyeyuka, pande zikagusana, na betri ikajipasha yenyewe hata ikishachomolewa. Zile zenye kobalti hujitolea oksijeni yao wenyewe. Ndiyo sababu kuzifunika kwa blanketi hakuzimi moto. Zile za chuma na fosfeti hustahimili zaidi, ijapokuwa nazo hutoa gesi inayowaka.

Tarehe 3 Septemba, 2010, ndege ya mizigo iliyobeba betri nyingi za lithiamu iliwaka moto na kuanguka Dubai, na marubani wote wawili wakafariki. Tangu mwaka 2016 betri hizo zikiwa peke yake haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria. Basi msafiri anayetakiwa kuichukua mkononi betri yake ya akiba haonewi: ikiwaka karibu na watu itaonekana mapema.

Maji ya chumvi nayo ni adui. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida, Marekani, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na bahari yaliwaka moto siku kadhaa baadaye. Wenye vyombo vya baharini walizingatie hilo.

Watumishi na wananchi wanaombwa wasichaji simu juu ya godoro wala chini ya mto, na watumie chaja inayolingana na betri. Betri ya simu iliyofura isitobolewe wala isichajiwe tena. Iwekwe nje, mbali na kinachoshika moto. Ikiwa imeshawaka, watu watoke na Zimamoto waitwe. Moto wa betri ndogo ya lithiamu humwagiwa maji mengi ili ipoe, na hata ikizimika isirudishwe ndani siku hiyo, kwani huweza kuwaka upya.